Namba Iliyovaliwa na Wawili

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye foleni, na hilo peke yake halikunishangaza, kwa sababu hata nikiwa macho siku hizi makazi yangu ni foleni. Kilichonishangaza kidogo ni kwamba kila mtu alikuwa ameishika namba yake ya kitambulisho mkono, kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Yangu ina tarakimu ishirini, inaanza na mwaka niliozaliwa, na ilikuwa imejilaza benchi zima.

"Dada, namba yako isogee," akasema mama mmoja nyuma yangu.

"Imechoka," nikamwambia. "Tumetoka nayo Muheza."

Akaelewa. Ya kwake mwenyewe ilikuwa imesinzia begani.

Niseme kilichonipeleka, maana hata ndotoni nilikuwa nacho moyoni. Baba yangu, Mzee Mhina, alizaliwa kambi ya mkonge. Babu aliletwa huku Tanga enzi za mkoloni, mmoja wa wale walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikishwa, akapewa namba, na jina lake likaachwa njiani. Babu alikufa Baba akiwa bado mdogo, na bibi hakuwahi kujua kwao mumewe ni wapi, zaidi ya kwamba ni bara, mbali. Kilichobaki ni namba. Baba anaijua kwa moyo kwa sababu ndiye aliyekuwa akitumwa kuchukua posho, na posho haikutolewa mpaka uitaje: elfu nne themanini na mbili.

Tangu alipoanza kushinda kitandani, Baba alikuwa na swali moja. Misibani kwetu husomwa wasifu wa marehemu, na wasifu huanza na asili yake: mwana wa fulani, wa mahali fulani. "Siku yangu ikifika, mama," alikuwa akiniambia, "huyo msomaji ataanzia wapi?" Basi nimezunguka na ile namba ofisi hadi ofisi, njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka juzi wakaipata kwenye kumbukumbu zao. Mwenye namba hiyo, wakasema, alitoka Songea, na alifariki kwa homa kambini, miaka minne kabla Baba hajazaliwa. Nilimpelekea Baba jibu hilo. Tangu hapo haulizi kitu. Ananiumiza kwa kutouliza kuliko nilivyoumizwa na mizunguko yote.

Basi niko kwenye foleni. Dirishani yumo Muhuri. Si mtu mwenye muhuri, ni muhuri wenyewe, wa mbao, na amevaa tai. Anaongea anaposhuka tu, kwa hiyo kila sentensi yake inakuja na kishindo.

"Shida yako," anasema.

"Natafuta kwao babu yangu."

"Babu yupo?"

"Ni marehemu."

"Marehemu afike mwenyewe, na picha ndogo mbili alizopiga karibuni."

Ukutani kuna tangazo linalosema hivyo hivyo. Nageuka na kuona kwamba marehemu kweli wamo kwenye foleni, upande wa kivuli, na ndio watulivu kuliko sisi wote. Mmoja anamshikia mwenzake nafasi aende kunywa chai. Babu simwoni, na hata angekuwemo nisingemjua.

"Wangu hajafika," nasema. "Nimekuja na namba yake."

"Basi alama za vidole. Za mwanawe."

"Mwanawe hawezi kutembea."

"Vidole vya mikono tulifunga mwezi uliopita," anasema Muhuri, kama hakunisikia. "Sasa tunapokea vya miguu."

Nafungua mkoba. Ndani, kati ya mwavuli na kitana, mna beseni la maji ya uvuguvugu, na ndani ya beseni mna mguu wa kulia wa Baba. Sishangai. Kila asubuhi namwosha miguu, na kucha zake nazikata mimi, kwa hiyo mguu huo naujua kuliko wangu. Nauweka dirishani. Muhuri anauchunguza kwa muda mrefu, anashuka mara moja pembeni mwa kidole gumba, na kusema, "Masijala. Mwisho wa korido."

Korido inaanza na vigae, halafu inakuwa vumbi, halafu inakuwa shamba la mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Vibao vya kukataza simu bado vipo, vimechomekwa kwenye majani. Jua ni la saa saba mchana. Natembea na beseni mikononi, maji yananimwagikia gauni, na ninachowaza ni kwamba sina nguvu ya kwenda masijala nyingine maishani mwangu.

Chini ya mkonge mmoja kimekaa kibati. Ni kile kibati cha duara chenye namba, walichokuwa wakivalishwa manamba shingoni, kimeliwa na kutu, na kinaongea kwa kile kitundu cha kupitishia uzi.

"Elfu Nne Themanini na Mbili?" nauliza.

"Ndiye mimi."

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu. Kaa. Angalia miiba."

Nakaa chini vumbini, beseni mapajani.

"Ofisini wamesema ulikuwa wa mtu wa Songea."

"Kweli."

"Na kwamba alikufa."

"Kweli vilevile. Hakuwahi kukata hata jani moja, maskini."

"Sasa baba yangu katoka wapi?"

Kibati kinajiegemeza kwenye jani. Naona kimechoka kama mimi, na hilo linanipa faraja kidogo.

"Yule alikufa jioni," kinasema. "Asubuhi walipangwa mstari wahesabiwe, na mnyapara alitaka hesabu itimie. Palikuwa na kijana mmoja aliyemfuata kaka yake kwenye treni bila kuandikishwa. Hana namba, kwa hiyo hana posho, anakula sahani ya kaka. Mnyapara akanivua shingo ile, akanivika shingo hii. Uzi ulikuwa bado na jasho."

"Sheria inasema namba haipewi mtu wa pili."

"Naijua hiyo sheria. Miaka yote ile nilikuwa nangoja kukamatwa."

"Alikuwa anaitwa nani huyo kijana?"

"Sikuambiwa. Kazi yangu ilikuwa kufanya jina lisiulizwe."

Hapo nilichoka uchovu ambao sijawahi kuchoka nikiwa macho. Nasema wazi kwamba nililia. Nililia humo humo kwenye beseni, na mguu wa Baba ukasogea kidogo ndani ya maji kuyapisha machozi.

"Mjukuu," kikasema kibati, "jina silijui. Lakini nimelala juu ya kifua cha huyo kijana mpaka alipokufa. Kuna kitu alikuwa akimfanyia mwanawe kila jioni kabla ya kulala. Lete huo mguu."

Nikausogeza. Kibati kikabingirika mpaka ukingoni mwa beseni, kikagusa kidole gumba.

"Hiki Uvinza, tumeshuka. Hiki..."

Kishindo. Muhuri alikuwa amesimama juu yetu, tai imekwenda upande.

"Muda wa kazi umekwisha," akasema, na akanishukia katikati ya paji la uso.

Niliamka nimegonga kichwa kwenye ubao wa kitanda cha Baba. Nilikuwa nimesinzia kwenye kiti kando yake, na kumekucha, na majirani walishaanza kufagia. Yeye alikuwa macho, anatazama dari, kama anavyotazama tangu juzi.

Nikachemsha maji kama siku zote. Nikaleta beseni na wembe, nikakaa kwenye kigoda. Baba akatoa mguu wa kulia bila kunitazama. Uvinza sijafika, najua tu kwamba ni stesheni ya reli iendayo Kigoma, na nyumbani kwetu jina hilo halijawahi kutajwa, si na bibi, si na mtu yeyote. Nikajiona mjinga. Hata hivyo nikakishika kidole gumba.

"Hiki Uvinza," nikasema, "tumeshuka."

Baba hakugeuka. Maji yakatikisika, na kidole cha pili kikainuka chenyewe.

"Hiki Ruchugi," akasema, "tumevuka."

Nikakishika cha tatu.

"Hiki Kasulu, tumelala."

Nikashika cha nne.

"Hiki Heru, tumekunywa maji."

Midomo yake ikawa inatafuta. Kidole kidogo nilikuwa nimekishika kwa nguvu mno, sasa najua, maana ndicho alichonionyesha kwa kichwa nikilegeze.

"Na hiki Muhinda," akasema. "Tumefika. Mama katoka nje kutupokea."

Kisha akanitazama, mara ya kwanza tangu nimletee jibu la ofisi. "Nani kakufundisha?"

"Nimeota."

Akalipokea jibu hilo kwa wepesi kuliko nilivyolipokea mimi.

"Baba yangu alikuwa akinifanyia hivyo nikiwa mdogo," akasema. "Na mimi miaka yote nilidhani ndiyo majina ya vidole."

Nikataka kucheka nikashindwa. Nikatafuta kitambaa nikajifuta uso, kisha nikamfuta na yeye.

"Huyo msomaji aanzie Muhinda," akasema Baba. "Mwambie asiharakishe."

Nikasema sawa. Nikaupangusa mguu wa kulia, nikauvuta wa kushoto, nikautia majini.

"Na huu, Baba?"

"Huo ni wa kuja huku," akasema. "Huo hakuwahi kuuhesabu."

Nikauosha, nikaukata kucha, nikaupangusa. Halafu akautoa tena ule wa kulia, ambao ulikuwa umeshakauka, akaurudisha mwenyewe kwenye beseni, na mimi nikaanza upya na kidole gumba.