Punje Nyeupe ya Kitunguu Saumu

Leseni ya Dorinda ilifutwa mwezi wa tatu, aliponaswa akichimba chaza kwenye ufuo uliofungwa. Pale pwani ya Galisia hawakufungii mlango moja kwa moja: uhudhurie masomo kwenye chama cha wavuvi, ufaulu, urudishiwe. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na Dorinda, ambaye hakujua kazi nyingine ila reki na ndoo, alikaa mstari wa mbele.

"Ufuo hufungwa maji yakishika sumu," alisema mwalimu Xiana. "Chaza huinyonya naye asidhurike. Anayedhurika ni mlaji. Midomo inakufa ganzi, ulimi unakuwa mzito, halafu pumzi inakata."

"Si unachemsha na punje ya kitunguu saumu?" Dorinda aliuliza. "Ikibaki nyeupe, chaza wako salama."

Wanawake wa nyuma waliitikia, maana wote walifundishwa hivyo na mama zao.

"Kitunguu hakijui lolote, dada. Na moto hauiui sumu hii, hata uchemshe mpaka kesho."

Alfajiri, kabla ya kuja darasani, Dorinda alikuwa ameteremka ufuo uleule akamchimbia mama yake chaza wa chakula cha mchana. Wachache tu, nani ataona? Akisema sasa, leseni hataiona tena maishani. Akatoka nje, akapiga simu.

"Mama, usiguse wale chaza."

"Umechelewa, nimeshakula," alisema mama yake, Hermitas. "Punje ilikuwa nyeupe pe. Nimekubakishia, usije ukasema mamako mlafi."

"Unajisikiaje?"

"Mzima. Midomo tu imekufa ganzi, kama nimetoka kwa daktari wa meno. Wameshakupa leseni yako?" Maneno yalimtoka yakijikokota.

Dorinda alirudi ndani mbio. Xiana alikuwa ameanza kugawa vyeti.

"Dorinda, njoo uchukue chako."

"Mwalimu, ita gari la wagonjwa. Mama yangu amekula chaza wenye sumu."

Xiana akanyakua simu. "Wametoka wapi? Hospitali watauliza."

Angeweza kusema sokoni. Neno lilishafika mdomoni, akaogopa kulisema, akaogopa na kulimeza.

"Ufuo uliofungwa," alisema, na darasa zima likasikia. "Nimewachimba mimi, leo asubuhi. Waambie waharakishe."