Ukurasa wa Kumi na Nne

Cornelia aliutambua mgongo wa mama yake kabla hajasoma neno lolote lililoandikwa chini ya picha.

Ilikuwa siku ya kwanza ya wanafunzi wapya wa shahada ya uzamili, katika tawi la chuo pale Sumbawanga mjini, ndani ya chumba chenye viti vya plastiki na madirisha yasiyofunga vizuri, upepo wa Novemba ukiingia bila hodi. Walikuwa wanane. Cornelia, mkazi wa Chanji, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na sita, ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na ndiye pekee aliyekuja na madaftari manne mapya, kalamu za rangi tatu na rula. Wenzake walikuja na simu tu. Alikuwa ameomba nafasi hiyo mara tatu. Safari hii chuo kilimkubali na mwajiri akampa ruhusa ya masomo, lakini ruhusa ya mwaka huu na si mwingine. Akiikosa anarudi nyuma kabisa ya foleni, na foleni ya walimu wanaotaka kusoma haina mwisho.

Mhadhiri aliyewapokea aliitwa Daktari Jastin. Alikuwa kijana bado, shati limenyooshwa, maneno yamenyooshwa zaidi. Aligawa vitabu viwili: mwongozo wa chuo, na ripoti ya mradi wake wa hifadhi ya udongo. Kisha akagawa fomu. Akaeleza kwamba kuhangaika kutafuta mada ni kupoteza muda. Mada zipo, zimetoka kwenye mradi, kila mmoja ameshapangiwa yake. Ukisaini leo unapata msimamizi leo. Wenzake wakainama kusaini kama watu waliogawiwa chai.

Mada ya Cornelia ilisomeka hivi: Sababu za wakulima wa Ufipa kubomoa matuta ya hifadhi ya udongo. Tazama ukurasa wa kumi na nne.

Akatazama. Mwanamke ameinama katikati ya shamba, jembe liko juu, tuta la mviringo mbele yake limeshapasuliwa nusu. Uso hauonekani. Lakini amevaa kitenge cha jubilei ya parokia, na begani pana kiraka cha kijani. Kiraka kile Cornelia alikishona mwenyewe, akakosa kitambaa cha bluu, akatia cha kijani, na mama yake akamnunia Kwaresima nzima. Chini ya picha waliandika: Mkulima akibomoa tuta la hifadhi. Elimu bado inahitajika.

Kwa asiyeijua Ufipa, inabidi niseme hapa, maana bila hili hutaelewa kwa nini mtu mzima alicheka peke yake darasani. Kule juu uwandani, mwezi Machi, mvua zikielekea mwisho, nyasi zikiwa zimekua na udongo ukiwa laini, watu hulima kwa kuzifukia nyasi ndani ya udongo na kurundika tuta la mviringo. Tuta hilo huitwa ntumba. Juu yake hupandwa maharage, ndani yake nyasi zinaoza taratibu. Mvua mpya zikikaribia, ntumba hubomolewa, ule udongo mweusi ukatandazwa shamba zima, ndipo yakapandwa mahindi au ulezi. Tuta hujengwa ili libomolewe. Anayemlilia Mfipa kwamba kabomoa tuta ni sawa na anayemlilia mpishi kwamba kaepua chungu. Na watu wa mradi walikuja mara moja tu, mwezi Novemba, wakakuta uwanda mzima unabomoa, wakashika vichwa.

Ndiyo maana Cornelia alicheka. Cheko lilimtoka kabla ya adabu kufika.

Daktari Jastin akauliza kulikoni. Cornelia akasimama, kama mwalimu yeyote anavyosimama, akaeleza habari ya ntumba tangu mwanzo hadi mwisho. Daktari akamsikiliza kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi. Akauliza habari hizo amezisoma wapi. Cornelia akajibu kwamba hakuzisoma, alizifanya, tangu ana miaka saba, shambani na mama yake.

"Mwalimu," Daktari Jastin akasema, "mama yako si rejea."

Darasa likacheka. Cornelia alisikia masikio yanawaka moto. Alikuwa na kalamu mkononi na fomu mezani, na mstari wa saini ulikuwa mfupi tu, sekunde mbili za kazi. Akaifunika kalamu kifuniko chake, akairudisha kwenye mkoba.

Hapo upole ulikwisha. Daktari akamwambia kwamba asiyetaka mada aliyopangiwa ataandika yake, ataitetea mbele ya jopo Ijumaa ijayo, na jopo likiikataa, nafasi yake atapewa mtu aliye kwenye orodha ya kusubiri. Akaongeza, kwa faida ya darasa zima, kwamba mwanafunzi mpya hujifunza kufuata kwanza, kupinga kuna wakati wake.

Nje, kijana mmoja aitwaye Limbu alimkimbilia hadi getini. Kwao ni bondeni, Milepa, familia ya Kisukuma iliyohamia na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Mada aliyopangiwa Limbu ilihusu mchango wa wafugaji wahamiaji katika kuharibu ardhi ya bonde, na alikuwa ameshaisaini. Alimsihi Cornelia arudi akasaini naye. Wachukue shahada kwanza, alisema, ukweli watauandika baadaye wakiwa wakubwa. Cornelia akamuuliza kama baba yake ataisoma hiyo kazi. Limbu akasema baba yake hasomi, na alipolisema hilo akaangalia pembeni.

Jumamosi asubuhi Cornelia alipanda bodaboda hadi kijijini. Alimkuta mama yake, Rozina Sangu, shambani, kitenge ni kilekile na kiraka ni kilekile. Akampa shikamoo, akaufungua ukurasa wa kumi na nne, akamsomea na yale maneno ya chini.

Alitegemea mama atahuzunika. Mama alikasirika, na hasira yake haikuanzia alikodhani. Aliwakumbuka wale watu. Walikuja na gari jeupe, wakasimama barabarani, wakamsalimia kupitia dirishani, injini ikinguruma. Mtu mzima anasalimiwa kutoka kwenye kiti! Hawakuchuchumaa, hawakupiga kofi hata moja la heshima kama Wafipa wasalimiavyo wakubwa. Akaendelea na kazi yake, wakapiga picha, wakaondoka.

"Jina langu wameliandika?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Wameandika nini?"

"Mkulima."

Mama akaitazama picha muda mrefu, akaupangusa ukurasa kwa kidole kana kwamba una vumbi. "Basi andika wewe," akasema, akamkabidhi jembe.

Cornelia alijaribu kueleza kwamba amekuja kuuliza maswali na kuandika majibu, tena ana siku sita tu. Mama akamjibu kwamba maswali yanaulizwa mkono ukiwa kazini, na kwamba mwalimu anayeogopa udongo akafundishe kuimba. Basi akavua viatu. Tuta la kwanza alilibomoa vizuri. La pili vizuri. La tatu alipolipiga, mama alipaza sauti kutoka ng'ambo ya shamba kumwambia aache, lakini alikuwa amechelewa.

Mama alikuja, akapiga magoti, akachomoa shina la nyasi kutoka ndani ya lile tuta. Akalivuta kwa mikono miwili. Halikukatika. Lilikuwa bado na rangi ya majani makavu, gumu kama uzi. Akaenda kwenye tuta la pili, akachomoa shina jingine. Hilo lilikatika lenyewe kabla hajalivuta, likaacha weusi vidoleni. Akaeleza kwa kifupi, maana alikuwa amekasirika tena: nyasi zikiwa hazijaoza, ukizitandaza, mahindi ya sehemu hiyo yatatoka manjano kama mgonjwa wa homa. Tuta la namna hiyo huachwa mwaka mwingine. Ndiyo maana kabla ya kubomoa unaingiza mkono kwanza. Cornelia alikuwa amebomoa matuta utoto wake wote na hakuwahi kuulizwa achague lipi. Mama alikuwa anatangulia kila siku, anapitisha mkono, na mtoto anafuata nyuma na jembe akidhani yote ni sawasawa.

Alikaa chini palepale penye tuta aliloliharibu. Aliona aibu, kisha aibu ikageuka kuwa furaha, kwa sababu ghafla alijua anataka kusoma nini miaka miwili ijayo. Akaifungua tena ripoti. Mbali kidogo na mama yake, kwenye picha ileile, matuta matatu yalikuwa yamesimama mazima, na pande zote za matuta hayo shamba limeshatandazwa. Mwenye kupiga picha aliyaingiza bila kujua.

Aliandika siku nne, mezani kwake Chanji, watoto wakikatazwa kuwasha redio.

Ijumaa jopo lilikuwa na watu watatu. Katikati alikaa Profesa Salome, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyetoka makao makuu ya chuo na anayejulikana kwa kutokusema mpaka awe na la kusema. Kulia kwake mhasibu wa hoja, yaani mhadhiri mmoja aliyehesabu makosa ya herufi tu. Kushoto, Daktari Jastin.

Cornelia alisoma kichwa cha andiko lake: Namna wakulima wa Ufipa wanavyochagua tuta la kubomoa na tuta la kuacha. Alieleza kwa dakika kumi. Alipomaliza, Daktari Jastin alifungua ukurasa wa mwisho.

"Rejea ya kwanza hapa," akasema, "ni Rozina Sangu, mkulima, mazungumzo shambani. Huyu ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Nilikwambia nini kuhusu hilo?"

"Uliniambia mama yangu si rejea." Cornelia akaiweka ripoti mezani, imefunguliwa, akaisukuma hadi mbele ya Profesa. "Mbona wewe umemtumia, Daktari? Huyo hapo, ukurasa wa kumi na nne. Kiraka hicho nilikishona mimi. Kama mama yangu anafaa kuwa ushahidi kwamba hajui, anafaa pia kuwa ushahidi kwamba anajua. Ila mimi nimemwandika jina."

Yule wa herufi aliacha kuhesabu. Cornelia alijua ameshavuka mstari, kwa hiyo hakuona sababu ya kurudi. Akanyoosha kidole kwenye yale matuta matatu nyuma ya mama, akauliza: mtu anayebomoa kwa kutojua, kwa nini aruke matatu?

Profesa Salome alivuta ripoti karibu, akainua miwani, akahesabu mwenyewe kwa ncha ya kalamu. Moja, mbili, tatu. Kisha akamgeukia Daktari Jastin na kumuuliza walikwenda shambani mwezi gani. Novemba, akajibu. Akamuuliza kama walirudi mwezi Machi. Hawakurudi. Akamuuliza kama walizungumza na huyo mama. Daktari Jastin alisafisha koo, akasema muda ulikuwa mfupi, na shati lake lililonyooshwa likaonekana limemzidi kidogo.

Walimtoa nje wakajadiliane. Limbu alikuwa kwenye benchi la korido, alikuja kusikia mwisho wake. Cornelia alihesabu vigae vya sakafu, akawaza jinsi atakavyorudi kwa mwalimu mkuu kuomba darasa lake, na jinsi atakavyolisema hilo bila kulia. Aliamua kwamba atalisema akiwa amesimama. Hata hivyo hakujuta, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

Walipomwita, Profesa Salome alimwambia mada imepita. Msimamizi atakuwa Daktari Jastin, kwa kuwa tawi halina mwingine wa udongo. Daktari alikubali, macho yakiwa kwenye fomu, lakini akataka jambo moja: orodha ya rejea ianze na vitabu, lile jina lishushwe mwishoni, kwenye shukrani, pamoja na familia na Mungu.

"Halishuki," Cornelia alisema.

Daktari Jastin alimtazama Profesa. Profesa alikuwa anatafuta kalamu yake. Alipoipata alisaini, akamsogezea Daktari karatasi, akangoja. Daktari alisaini, jina la Rozina Sangu likiwa palepale lilipoandikwa.

Koridoni Limbu alisimama. Alimuuliza Cornelia swali moja tu, kama fomu ya mtu aliyesaini huwa inarudishwa. Cornelia akamwelekeza mlango wa jopo. Limbu akapiga hodi.

Nje upepo ulikuwa umegeuka na wingu limekaa juu ya mji. Cornelia alimpigia mama yake simu, akamwambia amepita, jina lake limebaki, na yule bwana wa gari jeupe ndiye atakayemsimamia. Upande wa pili palisikika jembe likiwekwa chini.

"Mwambie aje Machi tutakapojenga," mama alisema. "Na ashuke kwenye gari."