Mkulima wa Kiongoroni

Kanuni mpya inatutaka sisi wauza dawa za kilimo hapa Kibiti tuandike kila sumu tunayouza, pamoja na kazi ya mnunuzi. Tajiri wangu alimuuzia Khamisi wa Kiongoroni lita tano za dawa ya mikorosho. Nikaandika ukweli: mvuvi, anaimwaga mtoni apate kamba.

Idrisa, mkaguzi, akakata kwa kalamu nyekundu. "Fomu haina nafasi ya mvuvi, Mwajabu. Andika mkulima."

"Hana hata mkorosho mmoja."

"Usinipotezee muda."

Nikaandika. Mchana nikamkuta kwa mama ntilie, keshamaliza nusu sahani ya wali kwa kamba.

"Kamba watamu hawa," akaniambia. "Wametoka wapi?"

"Kwa Khamisi," nikamjibu. "Yule mkulima wako."