Sajini Aliyerudisha Kofia Mapema

Jina la Sajini Seth lilisomwa gwarideni Jumatatu asubuhi, na mtu aliyebakisha majuma machache tu kustaafu hana haja ya kusikia jina lake gwarideni. Jeshini, jina lako likisomwa kwa sauti, ama umekosa, ama umepatiwa kazi. Safari hii mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alikuwa amepewa medali.

Wenzake wakapiga makofi. Seth akasimama wima, kifua mbele, macho mbele, na akilini mwake mlikuwa na kitu kimoja tu: kitanda. Alikuwa amelitumikia jeshi la majini tangu siku ambazo ndevu zake zilihesabika, na uchovu wake haukuwa tena ule wa kuisha mtu akilala. Ulikuwa umepanda cheo pamoja naye. Sasa nao ulikuwa sajini.

Medali ilikuwa ya ushujaa, kwa ajili ya siku ile mashua ya mizigo ilipopinduka mbali na pwani na boti lao likatumwa kuokoa watu. Seth alikuwa juu na kamba, akivuta mmoja baada ya mwingine. Chini, kwenye injini, alikuwa rafiki yake Kazungu. Boti lao lenyewe lilikuwa likiingia maji, na pampu ya kuyatoa ikang'oka mahali pake. Kazungu akaibana kwa mgongo wake, akaishikilia hivyo mpaka mtu wa mwisho alipopanda. Bila yeye, Seth angekuwa akiwatoa watu kwenye chombo kinachozama na kuwatia kwenye chombo kinachozama, kazi ambayo hakuna aliyewahi kupewa medali kwayo.

Tangu siku hiyo mgongo wa Kazungu haukunyooka. Madaktari wakamtazama, wakatikisa vichwa, naye akaachishwa kazi kwa heshima zote. Miaka ikapita. Orodha ya medali ilipotoka hatimaye, kanuni yake ilikuwa nyepesi: walio kazini wapewe, na waliokufa jamaa zao wapelekewe. Aliyetoka akiwa hai na mgongo mbovu, kanuni haikumfikiria.

"Kumbe kosa langu ni kutokufa," alisema Kazungu alipoelezwa.

Alikuwa ameketi pale anapoketi kila siku, barazani mwa duka la Dawoodbhai huko Mji wa Kale, amezungukwa na pampu za maji zilizopasuliwa matumbo. Dawoodbhai aliuza misumari, mabomba na nati. Kazungu aliwatengenezea wateja wake vilivyoharibika. Wote wawili walinufaika na ubovu wa vitu vya dunia.

"Nitaikataa," Seth akasema.

Kazungu hakuinua macho. "Sikukutuma mimi."

"Sijasema umenituma."

"Wamkatalia nani basi? Wamkatalia Dawoodbhai?"

Dawoodbhai, aliyekuwa ndani akipima mnyororo, akasikia jina lake. "Ni dhahabu?"

"Shaba, bwana," Seth akamjibu.

"Basi kataa," Dawoodbhai akatoa hukumu. "Shaba ya Serikali huwezi kuyeyusha, huwezi kuuza, na kila siku yataka kufutwa. Mali gani hiyo?"

Wakacheka, Kazungu akicheka kwa uangalifu, kwa maana mgongo wake ulikuwa na wivu na furaha ya aina yoyote. Halafu akarudi kwenye pampu yake. Hakusema kataa, hakusema chukua. Wala hakusema hongera, na Seth alivuka mji mzima kurudi kwake Tudor akilisikiliza neno hilo ambalo halikusemwa.

Nyumbani hongera zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni. Wanza, mkewe, alikuwa amekwisha kuwapasha habari akina mama wenzake wa kanisani, na akina mama wa kanisani hawapashwi habari ya sherehe wakakaa kitako. Kitenge kilikuwa kimeshachaguliwa: buluu, chenye nanga. Siku ya gwaride la kuvishwa medali wangekwenda wote kwa sare, wapige vigelegele mpaka wakubwa wa jeshi wakose pa kutazama.

"Wanza," Seth akaanza, akivua buti. "Hivi nisipoichukua je?"

Wanza aliweka sahani mezani taratibu, kama mtu anayeweka silaha chini kwa muda tu. "Usipochukua nini?"

"Hiyo medali."

"Baba Mwende, nisikilize vizuri. Krismasi zako ulizilia baharini. Mwende alizaliwa uko doria. Paa lilipovuja nilipanda mimi, na mimba ya pili tumboni. Leo wanataka kukushukuru mbele za watu, wewe unataka kusema hapana?" Akaichukua tena sahani. "Na Kazungu ndiye amekuambia?"

"Kazungu hajasema neno."

"Basi na wewe usiseme."

Seth akala. Alikuwa amechoka kiasi cha kutotaka kushindana na mtu mwenye haki, na lililomchosha zaidi ni kwamba kila aliyezungumza naye alikuwa na haki. Hata hivyo alijua jambo moja. Baada ya gwaride hilo angestaafu, na mtu akistaafu asubuhi zake zinabaki bila mwenyewe. Yeye alikuwa amezipangia mahali: baraza ya Dawoodbhai, kando ya Kazungu. Hakuona vipi angeketi pale na kipande kile cha shaba kikiwa kimeketi katikati yao.

Kwa hiyo akaomba kumwona mkuu wake. Na jeshini humwoni mkuu kama unavyomwona kinyozi. Unaandikishwa, unapangiwa siku, unapiga pasi mpaka nguo isimame peke yake. Kisha Sajini Meja Tsuma, mtu mwenye sauti ya kutisha mabati, anakuingiza kwa amri kali, kushoto kulia kushoto kulia, mpaka pua yako isimame mbele ya meza.

Nyuma ya meza alikuwa Meja Rosebella, ambaye umri wake ungetosha kuwa kitinda mimba wa kina Seth. Seth akapiga saluti. Kofia kichwani, kidevu juu, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali.

"Sajini, naambiwa una jambo kuhusu medali," Meja akasema kwa upole. "Umefurahi?"

"Ndiyo, afande!"

Neno lilitoka kabla Seth hajalikuta njiani. Akajaribu kulifuata.

"Kuna tatizo lolote?"

"Hapana, afande!"

"Una la kuongeza?"

Sasa, Seth akajiambia. Sasa sema. Akavuta pumzi. Akamwona Kazungu na pampu mgongoni. Akafungua kinywa.

"Hapana, afande! Asante, afande!"

Tsuma akamgeuza, akamtoa nje, kushoto kulia kushoto kulia. Uwanjani Seth akasimama juani kama mtu aliyeibiwa kwa adabu.

Kazungu aliposikia kisa hicho alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani ulikwenda kuikataa, ukashukuru?"

"Mdomo si wangu, ndugu yangu. Ni wa Serikali."

"Mara ngapi umesema asante?"

"Mara moja tu."

"Afadhali. Ungesema mara mbili wangekupa na ya pili." Akafuta machozi kwa kiganja chenye grisi. Kisha kicheko kikamkauka usoni, akakaa akiigeuzageuza bisibisi. "Seth, nikwambie ukweli? Mimi nilikuwa nimeshaizika hiyo habari. Zamani sana. Kama ungekuja ukasema nimepewa, nachukua, tungekunywa kahawa yakaisha. Lakini ulikuja ukasema utakataa. Tangu siku hiyo, kila nikiamka, nangoja."

"Wangoja nini?"

"Nijue kama kuna mtu mmoja huko aliyeona." Akaiweka bisibisi chini. "Hukupaswa kunifanya ningoje. Mimi kungoja nilikuwa nimestaafu."

Seth akaaga. Alirudi akipitia Makupa bila sababu yoyote, kwa vile ndiko miguu ilikoelekea, na katikati ya kelele za malori akaanza kuuchunguza mdomo wake kama fundi anavyochunguza mtambo. Uliharibika wapi? Nyumbani husema hapana vizuri tu. Sokoni husema hapana hata kabla ya kuulizwa. Alipofika kwenye foleni ya malori yaliyokuwa yakipigiana honi, akapata jawabu. Ilikuwa kofia. Askari mwenye kofia hupiga saluti, na akishapiga saluti mwili wake wote huwa wa mkuu wake, ulimi ukiwemo. Asiye na kofia hapigi saluti. Ndiyo sheria, kila kuruta huifahamu.

Kesho yake akavuka Feri mapema, akaenda moja kwa moja ghalani kambini na mfuko wa vifaa vyake vyote: buti, mkanda, nguo nyeupe za gwaride, na kofia juu kabisa.

Mtunza ghala akashangaa. "Afande, si una gwaride Ijumaa? Utavaa nini?"

"Pokea," Seth akasema. "Naomba uanze na kofia."

Akatoka kichwa wazi, upepo ukimpiga utosini, akaelekea ofisini kwa Meja. Tsuma alipomwona alifungua kinywa atoe amri, akakifunga. Hakuna amri iliyotungwa ya kumwingiza sajini asiye na kofia. Alimtazama juu, akamtazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akazungumza kama binadamu.

"Seth, una homa?"

"Nimechoka tu, ndugu yangu. Naomba kupita."

"Basi... pita," Tsuma akasema, huku sura yake ikionyesha kwamba neno hilo lilimuuma.

Seth akaingia kwa mwendo wa kawaida, akasema shikamoo kama raia, na Meja Rosebella, kwa mshangao, akaitika marahaba, kisha akaona haya kwa kumwitikia mtu mzima hivyo. Akamwashiria kiti. Seth hakuwa amewahi kukikalia kiti hicho. Akaketi, na maneno yakaja yenyewe, bila haraka: mashua, pampu, mgongo, kanuni.

Meja alimsikiliza mpaka mwisho. "Ukikataa, hapewi yeye."

"Najua, afande."

"Nitaandika kumwombea. Nitaandika leo hii. Lakini kanuni sikuiweka mimi, na huenda nisijibiwe."

"Hilo pia nalijua."

"Basi wewe utapata nini?"

Seth akafikiri. Lilikuwa swali la haki, na hakutaka kulijibu kwa maneno makubwa, kwa vile maneno makubwa yangemlazimu kusimama. "Nataka kwenda zangu nikiwa mwepesi, afande."

Meja akavuta karatasi ya kuandikia. Kisha akauliza polepole, "Mama nyumbani amekubali?"

"Mama bado hajui."

"Ee Mungu wangu," akasema Meja, na kwa mara ya kwanza alionekana kumwona kuwa shujaa.

Wanza alijua jioni hiyo. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu kama angepiga. Alikaa na kitenge chake mapajani, kimeshapigwa pindo, akakikunja, akakikunjua. "Ungeniambia kwanza," akasema. "Hilo tu. Ningekataa, tungegombana, halafu ungekwenda. Lakini ungeniambia."

"Ningekuambia nisingekwenda."

"Najua. Ndiyo sababu nimekasirika." Kisha akauliza, "Yule Kazungu alishika pampu kwa mgongo mpaka watu wote wakapanda?"

"Wote."

"Na wewe ukiwa juu yake."

"Juu yake kabisa."

Wanza akainuka, akakitundika kitenge. "Nitawaambia akina mama mimi mwenyewe. Wewe usiwe karibu."

Ijumaa ya gwaride Seth alikuwa Mji wa Kale kabla duka halijafunguliwa. Kazungu alipofika alimkuta ameketi barazani, amevaa shati la kawaida. Alisimama akamtazama, na kichoroni hamkuwa na mwingine ila paka.

"Leo si ndiyo siku yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na uko hapa."

"Niko hapa."

Kazungu akageuza uso, akahangaika na kufuli la sanduku lake la vyombo zaidi ya ilivyohitajika. "Mjinga wewe," akasema. Akaketi kando yake, akaanza kufungua pampu ya mtu.

Dawoodbhai alipokuja na funguo zake alimkuta Seth amelala, kichwa kimeegemea mlango wa duka, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti ya injini iliyotengenezwa vizuri.

"Kazungu, wateja watapita wapi? Mwamshe huyu."

"Bhai, fungua ubawa mmoja wa mlango," Kazungu akasema bila kuinua macho. "Watapita huko."