Kelele za Jumamosi

Jumatatu mchana fundi viatu alikuwa anaupaka nta uzi wa kushonea ndala ya mtangazaji wa chuo cha ualimu, na mtangazaji mwenyewe amesimama mbele yake kwa mguu mmoja kama korongo, ndipo kelele za mechi ya Jumamosi ijayo zilipoanza kusikika kutoka ndani ya ukumbi.

Banda la fundi liliegemea ukuta wa ukumbi huo, kwa hiyo yeye ndiye aliyesikia kwanza. Mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi alikuwa amekaa mbele yake, ufunguo unaning'inia shingoni. Ndani filimbi ililia, mpira ukadunda, watu wakapiga miluzi, kisha sauti ya mtangazaji ikawakaribisha wageni wa chuo cha ufundi, kutoka ng'ambo ya reli, kwenye mchezo wa mpira wa kikapu uliosubiriwa mwaka mzima.

Mtangazaji alijisikiliza, mguu ukiwa hewani.

"Hapo nimelikosea jina la mgeni rasmi," alisema. "Itabidi nikalifanyie mazoezi."

"Shika kamba hii, vuta," fundi akamwambia.

Jumanne, saa ile ile, kabla ya mazoezi ya timu, kelele zilirudi, na jina la mgeni rasmi likatamkwa sawasawa. Watu walimpongeza mtangazaji. Wengi walikuwa wamekuja na viti vyao. Mashabiki wa chuo cha ufundi nao walivuka reli, wakaketi upande wa pili wa njia, wakidai kwamba mechi ni ya vyuo viwili na wao pia wana haki ya kuisikia.

"Sikilizeni tu," waliambiwa. "Kusikiliza hakuwaongezei pointi."

Fundi viatu ndiye aliyewaongoza mashabiki wa chuo cha ualimu. Hakuwahi kusoma hapo, lakini alikuwa mwanamke mwenye sauti ambayo refa mmoja aliwahi kuomba itolewe nje ya ukumbi, nje ikasikika vilevile. Walimwita Tarumbeta. Tangu anajifunza kazi ya viatu hadi amekuwa na banda lake, chuo cha ualimu hakijawahi kuwafunga wale wa ng'ambo ya reli, na kila mwaka yeye alikaa safu ya mbele na kurudi nyumbani akiongea kwa ishara. Mwaka huu alikuwa na sababu nyingine ya kukaa mbele. Mdogo wake, ambaye walibaki naye wawili tu baada ya wazazi kufariki, alikuwa mchezaji mrefu kuliko wote timuni. Jina lake la uwanjani lilikuwa Ngazi.

Walisikiliza robo ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika robo ya nne mtangazaji alisema chuo cha ualimu kinaongoza kwa pointi nne, na viti vikaanguka kwa furaha. Kisha akasema, "Ngazi anaruka!" Kikafuata kishindo cha kitu kizito sakafuni, na ukumbi mzima ukanyamaza. Katika ukimya ule sauti moja ya mwanamke ikaita.

"Mdogo wangu! Amka! Amka, mdogo wangu!"

Baada ya hapo hakukusikika kitu.

"Pointi nne!" mashabiki wakashangilia wakikumbatiana.

"Mbona mwisho hausikiki?" akauliza mmoja wa ng'ambo ya reli.

"Mwisho wa nini? Nyinyi mmeshazikwa, mnataka mpaka msikie sepetu?"

Katika banda la pili, lililotenganishwa na la fundi kwa ubao mmoja tu, fundi cherehani alikuwa anashona jezi za timu. Aliusimamisha mguu kwenye pedali.

"Hiyo ni sauti yako, jirani," alisema. "Hiyo haifananishwi."

Fundi viatu alitaka kujibu. Akagundua kwamba koo linamuuma, kavu na lenye mikwaruzo, kama la mtu aliyekwisha kupiga ukelele wenyewe.

Jioni ile Ngazi alikuja nyumbani na raba zake mkononi. Soli ya kulia ilikuwa imeachia kwa mbele, inafunguka na kufumba kama mdomo. Hakukuwa na raba nyingine za saizi yake katika maduka yote ya mji. Hizi ziliagizwa mbali, zikachukua miezi kufika, na marefa hawakumruhusu mtu kucheza peku.

"Nibandikie vizuri, dada. Nisije nikateleza."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Tulikuwa tunapasha misuli nyuma ya jengo." Alikaa kitandani, magoti yakamfika kifuani. "Kishindo kikubwa sana. Nilijionea huruma."

Ndipo alipomweleza mambo ambayo alikuwa hajamweleza. Kocha aliwakimbiza madirisha yakiwa yamefungwa, na maji hawakupewa mpaka wamalize, kwa kuwa kocha aliamini maji yanazaa uvivu. Aliyezimia alimwagiwa ndoo kichwani na kurudishwa mchezoni. Ngazi alikuwa ameshazimia zaidi ya mara moja. Wengine pia. Muuguzi wa chuo alimwekea kifaa kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema moyo huu ukapimwe hospitali kubwa. Kocha alisema utapimwa Jumatatu, mechi ikishapita.

"Basi usicheze."

"Nikae nje niwaambie nini watu? Kwamba nimeogopa kelele?"

"Waambie unaumwa."

"Sote tunaumwa, dada. Ndiyo timu."

Fundi hakulala vizuri. Kila alipofumba macho alisikia kishindo, na kila aliposikia kishindo mkono wake ulienda wenyewe kwenye koo.

Asubuhi alimfuata kocha. Alimkuta ofisini anapanga chupa mezani, maana mbinu zake alizipanga kwa chupa, kila moja mchezaji mmoja, na moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote. Kocha hakuwa mkali. Alimvutia kiti.

"Kocha, umesikiliza?"

"Kila siku, dada yangu. Tunaongoza kwa pointi nne."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sijasikia kitu kibaya. Wewe umesikia?"

"Nimesikia mdogo wangu akianguka."

"Wachezaji wanaanguka." Alisogeza ile chupa ndefu karibu na ukingo wa meza, akaiangalia, akairudisha kidogo. "Mkuu wa chuo naye alisikiliza jana. Amefurahi sana. Amesema tusibadilishe kitu. Na wewe ukae palepale unapokaa, tafadhali. Sauti yako imo."

Jumatano na Alhamisi kelele zilisikika kama zilivyokuwa, neno kwa neno. Watu walishazikariri. Wanafunzi walianza kuitikia pamoja na mtangazaji, na ilipofika sauti ya mwanamke waliiitikia pia, kwa kuigiza, wameshika vichwa. "Mdogo wangu! Amka!" Walicheka bila ubaya wowote. Fundi viatu alikuwa amekaa katikati yao na msharasi mkononi, anatoboa ngozi. Hakuthubutu kutazama ukuta. Koo lilikuwa limefura kiasi kwamba wateja aliwaonyesha bei kwa vidole.

Aliwaza asiende Jumamosi. Akawaza, nisipokuwapo, atakayeanguka ataamshwa na nani? Akakumbuka jina la mgeni rasmi, lililokosewa Jumatatu na kurekebishwa Jumanne. Kelele zile zilikuwa zinabadilika mtu akizibadilishia sababu.

Watu walipoondoka alizitoa raba kwenye mfuko. Alikwangua gundi ya zamani, akaisugua soli kwa msasa, akapaka gundi mpya pande zote mbili, akasubiri ishike. Kisha akaizungushia mshono, karibu karibu, mshono ambao humfanyia mtu anayempenda. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Aliigeuza kwenye mwanga akairidhia. Halafu akachukua kisu cha ngozi, akazikata raba zote mbili katikati, vidole huku, visigino kule.

Ngazi alipoviona vipande alivishika kimoja kimoja, akajaribu kuviunganisha.

"Umenimaliza, dada."

"Bado hujamalizwa."

Ngazi alimpa mgongo. Lakini alijilaza sakafuni, kitanda hakikuwahi kumtosha, akapitiwa na usingizi palepale na nguo zake. Fundi alikaa karibu naye, anamsikiliza anavyopumua.

Ijumaa aliamka koo likiwa jepesi. Alimeza mate, hayakuuma. Aliita jina la mdogo wake, na sauti ikatoka nzima, ikagonga bati.

Habari zilimtangulia bandani. Wanafunzi walikuwa wamejaa. Mmoja alimwita msaliti, mwingine akamuuliza ng'ambo ya reli wamemwahidi nini. Kocha alifika, akavitazama vipande vya raba, akaweka mikono mfukoni.

"Hukunitendea haki," alisema. "Lakini benchi ni refu. Atacheza Kiraka."

Kiraka alikuwa mtoto wa fundi cherehani. Walimwita hivyo kwa sababu kocha alimwingiza tu pale timu ilipopasuka, dakika mbili tatu, kisha akamtoa. Mama yake alikuwa amesubiri miaka miwili kumwona akianza mchezo. Aliinuka nyuma ya cherehani, akapiga kigelegele, kikakatikia katikati. Akakohoa.

"Ee, koo hili," alisema, anajipigapiga kifua. "Nimeamka nalo. Hivi una maji ya moto, jirani?"

Fundi viatu alimtazama. Alimimina maji ya moto kwenye kikombe, akampitishia juu ya ubao.

"Kunywa taratibu," alimwambia, akarudi kwenye msharasi wake.

Siku nzima alimsikia akikohoa upande wa pili, anashona namba ya mwanawe mgongoni mwa jezi, anakohoa, anaimba, anakohoa.

Mchana kelele zilianza. Umati ulikuwa mkubwa kuliko siku zote, maana watu walitaka kujua kama pointi nne zimepotea. Hazikuwa zimepotea. Robo ya nne chuo cha ualimu kiliongoza kwa zile zile. "Kiraka anaruka!" alisema mtangazaji. Kikafuata kishindo, chepesi kidogo. Ukumbi ukanyamaza.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu! Nipisheni!"

"Pointi nne!" mashabiki wakashangilia. "Hata bila Ngazi!"

Wachache waligeuka kumtazama fundi cherehani. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Aliutunga, akaukata kwa meno, akaichoma sindano kwenye kijimto chake. Kisha akavua kipimo cha futi shingoni na kwenda ofisini kwa kocha. Hakukawia. Alirudi akitembea kama mtu anayepita kwenye maji, akasimama mbele ya banda la jirani yake.

"Kasema tunaongoza kwa pointi nne," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Fundi viatu alimsogezea kigoda. Hakukaa.

"Mwanangu hataki kusikia. Nimemwambia, ananiambia, mama, nimesubiri sana. Nimkatie na yeye raba?"

"Anavaa saizi ya kila mtu," fundi akajibu. "Ukizikata hizo ataazimwa nyingine kabla hujarudisha mkasi. Ukiificha jezi atavaa ya Ngazi. Na akikataa mwenyewe, yupo anayemfuata kwenye benchi, na huyo naye ana mama."

"Tumwendee mkuu wa chuo."

"Tumwendee. Amesikiliza tangu Jumanne."

Mlinzi alikuwa anafagia maganda ya karanga mbele ya ukumbi na kupanga kamba ambapo kesho watu watasimama foleni. Wale wa ng'ambo ya reli walikuwa wanakunja viti vyao, wanyonge. Kwa mbali kocha alipuliza filimbi, na madirisha ya ukumbi yakafungwa moja baada ya jingine, ili vijana waanze kukimbia.

Fundi cherehani alishika ubao wa banda.

"Ulinisikia nikikohoa tangu asubuhi."

"Nilikusikia."

"Ukajua."

"Nilijua."

"Ukanipa maji ya moto."

"Nilikupa."

"Basi niombe radhi, mwenzangu. Nisikie tu ukisema. Kesho nitakaa pale mbele, kwenye kiti chako, na sitakuwa na kitu kingine mkononi."

Nyuma ya banda Ngazi alikuwa amekaa peku juu ya gunia la ngozi, miguu mirefu imejaa njia, anamenya chungwa. Alikuwa anapumua. Dada yake aligeuka akamtazama mpaka alipomaliza kulimenya, kisha akamgeukia jirani yake.

"Siombi," alisema, kwa sauti nzima isiyo na mkwaruzo hata mmoja. "Leo siombi, na kesho ukishaita pia sitaomba."