Abiria wa Saluni

Kucheza mchezo wa simu si kosa. Msusi mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema hivyo, maana mdogo wake alipopoteza kazi ya udereva alijilaza kwenye kochi mpaka kochi likashika umbo lake, na kama si ule mchezo wa kuendesha shirika la ndege pengine angeanza kuongea na kuta. Humo simuni alinunua ndege, akafungua safari, akapanga nauli, akaajiri marubani wasiokula wala kuugua. Akapanda ngazi hadi wachezaji wenzake, watu asiowajua hata kwa sura, wakawa wanamwomba ushauri. Mtaani wakamwita Kapteni. Hayo yote sawa. Kosa lilianza siku alipoinua macho kutoka kwenye simu, akaitazama saluni ya dada yake, akaona ndege.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na mama yao. Viti vitatu mbele ya kioo kirefu, draya moja yenye kofia iliyopasuka ikafungwa kwa utepe, beseni la kuoshea nywele nyuma ya pazia, na feni iliyopuliza upande mmoja tu. Msusi ndiye aliyeosha, aliyechana na aliyesuka. Kapteni alikaribishwa kupokea simu za wateja na kuwapangia saa, kazi ambayo ungedhani haiwezi kumvimbisha mtu kichwa.

Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akiwarekodia wenzake mbinu kwa sauti kubwa, simu ameisogeza mdomoni utadhani anataka kuila. Na alichowafundisha asubuhi, jioni kilikuwa kimeshaingia saluni.

"Jamani, ndege ikikaa chini inakula, haileti. Ishushe, ipakie, irushe." Siku hiyohiyo Msusi akajikuta hana nafasi ya kumaliza chai. "Siku ya watu wengi pandisha nauli. Mwenye shida atalipa tu." Jumamosi iliyofuata bei ya rasta ikapanda, na Msusi akaipata habari hiyo kwa mteja. "Viti vya mbele vitenge, viuze ghali." Basi kiti cha karibu na feni kikawa daraja la kwanza, kikawekewa mto wa sebuleni. Mto wa mama yao, tena ule wa kudarizi, ambao wao wenyewe walipokuwa wadogo walikatazwa hata kuuegemea.

"Hawa si abiria," Msusi alimwambia. "Hawa ni watu wamekuja kusukwa."

"Dada, mtu amekaa kwenye kiti, anasubiri afikishwe mahali. Huyo ni abiria."

Msusi alibana kitana kwa meno, akaendelea kusuka. Na tuseme ukweli, wateja walikuwa wameongezeka. Viti vilivyokuwa vikipigwa na feni bure katikati ya wiki sasa vilikaliwa. Akanyamaza, na kunyamaza huko kukaja kumtokea puani.

Maana ilibaki mbinu moja, ile ambayo Kapteni aliipenda kuliko zote. "Sikilizeni. Kila safari kuna asiyetokea. Kwa hiyo uza viti vingi kuliko ulivyo navyo. Wakitokea wote, unamshusha mmoja, wa nauli ya chini. Unampa tiketi ya siku nyingine. Atanuna kidogo, halafu atasahau." Msusi aliyasikia hayo akiwa anasuka, akadhani ni habari za ndege.

Sasa, wiki hiyohiyo, Bibi Mkunga alikuwa anastaafu. Nusu ya mtaa ilikuwa imepita mikononi mwake pale zahanati, Msusi na Kapteni wakiwemo. Alikuwa mama wa sauti nzito na hatua za haraka, asiyeogopa damu wala daktari. Kitu kimoja tu kilimtia haya, nacho ni nywele zake. Zilikuwa zimeanza kumtoka utosini na kwenye panja, na kwa miaka mingi hakuna aliyekiona kichwa chake kikiwa wazi isipokuwa Msusi, ambaye kila alipokuja alivuta pazia kwanza, kisha akamsuka kwa vidole vilegevu ili zilizobaki zisikatike.

Katikati ya wiki alipita mwenyewe kuweka nafasi.

"Jumamosi ndiyo wananiaga, saa nane mchana," alisema. "Watanipiga picha waitundike pale wodini. Sitaki nitundikwe ukutani na kilemba, mwanangu. Nataka wanione."

"Njoo saa nne asubuhi, bibi. Kichwa chako hicho ni changu."

"Na usinisuke ule mtindo wa twende kilioni. Nastaafu, sijafa."

Walicheka wote watatu. Kapteni akamwandika saa nne. Alimwandika kweli, tena kwa mwandiko mzuri. Ila chini yake, saa hiyohiyo, akawaandika na wengine wawili.

Jumamosi ilipofika, wakatokea wote.

Saa nne Msusi alikuwa nyuma ya pazia, maji yanachuruzika, anamwosha nywele mwalimu wa chekechea. Alipotoka alimkuta binti wa duka la dawa amekalia mto wa mama yao, na mama wa mgahawa ameshajifunga taulo shingoni. Akamwacha mwalimu ajikaushe, akashika kazi. Akamfunga mama huyo roli za nywele na kumwingiza chini ya draya, akaanza kumsuka binti, huku jicho moja liko mlangoni. Akafika nusu ya kichwa cha binti. Mlangoni hakukuwa na mtu zaidi ya Kapteni na simu yake.

"Bibi Mkunga kachelewa," alisema Msusi. "Si kawaida yake."

"Hajachelewa," Kapteni alisema bila kuinua macho. "Alikuja hawa wakiwa bado njiani. Nimemhamishia Jumanne."

Kitana kikasimama.

"Umefanya nini?"

"Saa nne walikuwa watatu. Huyu kalipia kiti cha mbele, yule kalipa bei ya Jumamosi. Bibi bado yuko kwenye bei ya zamani. Mmoja ilikuwa lazima ashuke, dada. Nimempa karatasi ya punguzo, na maji ya kunywa nimempa. Hakulalamika hata kidogo."

"Alisema nini?"

"Alisema, haya mwanangu. Akafunga tena kilemba chake, akaenda."

"Akafunga tena?" Msusi alimgeukia mzimamzima. "Kwani alikuwa ameshakifungua?"

"Si alidhani zamu yake imefika. Akakifungulia hapa mlangoni."

Hebu fikiria. Mwanamke aliyejificha kichwa miaka yote hiyo, amekifungua mchana kweupe kwenye mlango unaotazama barabara, mbele ya wapita njia na kioo, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa. Halafu kijana ambaye yeye ndiye aliyempokea duniani anamkabidhi chupa ya maji na kumwambia arudi Jumanne, kwa sherehe ambayo ni leo. Mori ulimpanda Msusi. Na hasira yake haikuwa kwa mdogo wake peke yake. Nyingine ilikuwa kwake mwenyewe, kwa kila Jumamosi aliyoona mambo yanakwenda kombo akabana kitana kwa meno.

Alitia kitana mfukoni. Akachukua mafuta, uzi, na kioo kidogo cha mkononi, akavitia kwenye kikapu.

"Unakwenda wapi?" Kapteni alisimama. "Una vichwa vitatu hapa!"

"Warushe wewe, Kapteni."

Binti wa duka la dawa, nusu kasukwa nusu nywele zimesimama, aligeuka kitini. "Samahani, Bibi Mkunga yupi huyo? Yule wa zahanati?"

"Kwani mtaa huu una mwingine?" alisema Msusi.

"Ndiye aliyenipokea mimi." Akautazama ule mto aliokuwa ameukalia, akainuka upesi. "Kwa hiyo hiki ni kiti chake. Mbona hukuniambia, kaka? Ningesubiri."

Mama wa mgahawa naye alikuwa ameshajichomoa chini ya draya, roli zimemjaa kichwani. "Wanangu wote," alisema, "wote wamepita kwa yule mama, na wa mwisho alikuja kunizalishia jikoni kwangu, sufuria ziko motoni." Mwalimu wa chekechea alikaza taulo kichwani, nywele bado mbichi, akafuata wenzake.

"Mtapoteza nafasi zenu," Kapteni aliwaambia. Hakuna aliyegeuka. Akabaki na viti vitatu vitupu, yeye ambaye kiti kimoja kitupu kilikuwa kikimkosesha raha, na feni ikiupulizia mto.

Bibi Mkunga walimkuta kwake, nyumba za wafanyakazi nyuma ya zahanati. Gauni la sherehe limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Yeye kajifunga kilemba hadi nyusi, kakaa kitandani na khanga ya nyumbani.

"Nimewatumia ujumbe kwamba nina homa," alisema. "Waagane wenyewe."

"Bibi, huna homa," Msusi alisema. Alipiga magoti mbele yake. "Mimi ndiye niliyekuahidi, na aliyekufukuza kakufukuzia mlangoni kwangu. Kosa ni la nyumba yetu. Shuka hapa chini nikusuke. Kama utakataa kwenda, basi utakataa ukiwa umependeza."

Bibi Mkunga aliwatazama: roli, taulo, nusu kichwa. Pembe za mdomo zikaanza kumcheza. Akashuka mkekani, akakaa katikati ya magoti ya Msusi, na mbele yao wote akakifungua kilemba mara ya pili siku ile. Hakuna aliyekodoa macho. Binti akashika kioo, mama wa mgahawa akatafuta chai ilipo, mwalimu akaufunga mlango.

Baadaye kidogo hodi ikabishwa mlangoni. Ni Kapteni, mto wa mama yake kwapani, simu haionekani.

"Bibi," alianza, na ilionekana njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. "Haikuwa dharau. Ni utaratibu tu. Watu wakizidi nafasi, kuna mmoja lazima..."

Bibi Mkunga hakugeuka, kichwa chake kilikuwa mikononi mwa Msusi.

"Mama yako alinijia nimeshavua sare, niko mlangoni natoka," alisema, kwa sauti ileile ya wodini. "Mvua inamwagika. Vitanda vimejaa, wanalala wawiliwawili. Hana senti. Na wewe umegoma kugeuka, umetanguliza miguu. Unadhani nilimwambia arudi Jumanne?"

Kapteni alikaa chini taratibu, akamwekea Bibi Mkunga ule mto mgongoni, kisha akakipokea kioo kutoka kwa binti wa duka la dawa. Kilikuwa kinaonyesha dari.

"Kishike vizuri, mwanangu," alisema Bibi Mkunga. "Nataka kujiona."