Kabla Sijaandika Nafua Mapazia

Watu wanadhani kuandika blogu ya duka la magodoro ni kazi rahisi. Wanadhani unaketi, unafungua kompyuta, unasema godoro ni laini, unafunga. Waje wajaribu. Wiki ya kwanza utaandika jinsi ya kuchagua godoro. Wiki ya pili utaandika jinsi ya kuligeuza. Wiki inayofuata utaandika jinsi ya kulianika, na hapo ndipo utakapogundua kwamba elimu yote ya binadamu kuhusu magodoro umeshaimaliza, na bosi wako bado anataka makala kila Ijumaa mpaka dunia iishe.

Mimi nimeimudu kazi hiyo kwa sababu nina njia yangu. Kichwa changu hakifanyi kazi mikono ikiwa imekaa bure. Nikiketi mbele ya kompyuta bila wazo, ninachokiona ni uso wangu tu kwenye kioo, umenuna. Lakini nikishika kazi hasa, ya kulowa mpaka viwiko, baada ya muda wazo linakuja lenyewe. Kwa hiyo siku za kutafuta wazo nafua mapazia, nasugua nyuma ya jiko, nashona vifungo, nazibua mifereji ya paa. Anayepita nje siku hizo anadhani tunatarajia ugeni mzito.

Shida ni kwamba wazo likija halipigi hodi. Likinikuta nimeshika kopo la sabuni, naliacha kopo palepale, naingia chumbani, nafunga mlango kwa ufunguo, na sitoki mpaka makala iishe. Mapazia yanabaki kwenye beseni yakibadilika harufu. Mume wangu aliwahi kwenda kazini mguu mmoja wa suruali umepindwa na mwingine unafagia barabara, kwa kuwa wazo kuhusu mito ya watoto lilinijia baada ya mguu wa kwanza. Yeye ni mwalimu wa udereva, mtu wa heshima zake, na siku hiyo mwanafunzi alimuuliza kama ule mguu mrefu ndio wa breki. Hakunisemesha mpaka jioni.

Lakini kabla ya kujifungia, kuna mtu mmoja ambaye lazima nimtajie wazo langu, naye ni mama mkwe. Alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpokeaji simu wa ofisi kubwa, yule wa kuunganisha watu, na mpaka leo anakumbuka namba za simu za watu waliokwisha kuzikwa. Hukaa jikoni, kwenye kiti kilicho karibu na dirisha. Nikipita mbio namtupia wazo. Akiuliza swali, wazo lina uhai, naenda kuliandika. Akisema, "Hilo uliandika, mwanangu," basi limekufa, narudi kwenye beseni. Sikuwahi kuhakikisha. Mtu anayekumbuka namba za marehemu utamhakikishaje?

Mwezi huu mambo yalikwenda mrama. Kila nililolipata lilikuwa limeshaandikwa. Watu ambao miguu yao inatokeza nje ya kitanda: uliandika. Mume anayelala mshazari kama mti ulioangukia njia: uliandika, mwanangu, na watu walicheka sana. Nikarudi kufua. Nyumba iling'aa mpaka ikawa inanitia aibu mimi mwenyewe. Vyombo vilikaa kabatini kwa kufuata urefu. Na Ijumaa ikapita bila makala, kisha ikapita nyingine.

Bosi si mtu wa kufoka. Alinipigia simu kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi, akasema kwamba Ijumaa hii isipopatikana makala ya maana, kazi atampa mkwewe. Huyo mkwewe namfahamu. Anapiga picha za magodoro kwa pembeni na kuandika chini yake maneno kama "Ndoto" na nukta nyingi. Nilikata simu. Naipenda kazi hii. Ndiyo kitu pekee nilichokifanya ambacho watu nisiowajua walikisoma wakaniandikia kwamba wamecheka.

Alhamisi asubuhi nikapanda ngazi kuzibua mifereji ya paa. Nilikuwa nimeingiza mkono kwenye tope na majani yaliyooza hadi kwenye kwapa wazo lilipokuja, zuri, la kutosha kabisa.

"Mama!" nikapiga kelele kutoka juu. "Watu wanaonyang'anyana shuka usiku!"

Jirani aliyekuwa anaanika nguo akainua kichwa, akakiinamisha upesi. Nikasubiri.

"Mama, umenisikia?"

"Hilo uliandika, mwanangu."

"Lini?"

"Zamani."

Nilitaka kulia. Simu ikaita mfukoni, nikaipokea kwa mkono ule usio na tope. Alikuwa bosi.

"Tumefikia wapi?" akauliza kwa ule upole wake.

"Bosi, nina wazo moja tu, la watu wanaonyang'anyana shuka. Bahati mbaya nilishaliandika."

"Hujaliandika."

"Niliandika zamani."

"Hujaliandika," akasema. "Mimi nasoma zote, na nyingine nazirudia. Nakaa humu kutwa nzima na magodoro, unadhani nafanya nini?"

Nikashuka ngazi. Nikafungua kompyuta vidole vikiwa na tope na nikaanza kutafuta. Shuka hakuna. Miguu inayotokeza hakuna. Mume wa mshazari hakuna, wala aliyelala na miwani, wala wanaogombania upande wa ukutani. Mwezi mzima mawazo yangu yamezikwa yangali hai, na mimi nimesimama pembeni nikifua mapazia. Nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo.

Jikoni niliwakuta wote wawili. Mama mkwe anachambua mchele, mume wangu amekuja kula chakula cha mchana na suruali yake iliyopindwa vizuri miguu yote. Nikaiweka kompyuta mezani katikati yao.

"Nionyesheni," nikasema, "ni wapi nilipoandika habari za shuka."

Mama mkwe akaendelea kuchambua mchele. Niliuona mguu wa kulia wa mume wangu ukikandamiza sakafu. Ndivyo anavyofanya kila akiona ajali inakuja.

"Mwalimu," nikasema. Nikimwita Mwalimu anajua kumekucha.

"Mke wangu, punguza mwendo kwanza."

"Sema!"

"Ilikuwa mifereji tu," akasema. "Mvua ziko karibu. Wewe ukipata wazo unaacha kila kitu njiani. Nikamwambia mama, wazo likija kabla mifereji haijaisha, alirudishe."

"Na mapazia?"

"Na mapazia."

"Na vifungo?"

"Vifungo mimi simo. Vifungo ni mama."

"Kesho unga wangu unamwagika! Kesho! Na ninyi mmekaa hapa mnakula njama juu ya vifungo?"

"Hukutuambia kwamba ni kesho."

"Nimewaambia wiki nzima!"

"Unasema hivyo kila wiki," akajibu, na hilo lilikuwa kweli, nami nikazidi kuchukia.

Mama mkwe akaweka sinia chini. "Mwache," akamwambia mwanawe. "Nitasema mwenyewe." Mume wangu ghafla akakumbuka kwamba kuna mwanafunzi anamsubiri. Aliondoka na chakula mdomoni, na mlango aliufunga taratibu kuliko alivyowahi kuufunga tangu tuoane.

Tukabaki wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa visingizio. Nilikuwa na majibu ya kila kisingizio, makali, yamepangwa.

"Mimi mifereji hainihusu," mama mkwe akasema. "Na vifungo vile, nusu yake nilivikata mwenyewe."

"Ulivikata?"

"Kwa mkasi wako." Akanitazama. "Ukikosa wazo, unakaa hapa. Unafua hapo, unashona hapo, tunaongea. Unanipa habari za watu wa blogu, nakupa habari za watu wa ofisini. Ukilipata, unafunga mlango kwa ufunguo. Mwanangu yuko barabarani na wanafunzi wake. Mimi nabaki na friji. Nimeongea na watu kutwa nzima tangu ujana wangu, mwanangu. Sasa ikilia simu humu ndani ni yako."

Nilitaka kuendelea kukasirika, kwa kuwa nilikuwa na haki. Lakini iliniuma. Ule ufunguo naugeuza bila kuufikiria, na sikuwahi kujiuliza unasikikaje ukiwa upande wa jikoni.

"Basi na hili la shuka?" nikauliza, sauti imepungua. "Umesikia mwenyewe kwamba nina shida. Hata hili?"

Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

"Hilo sikulirudisha kwa ajili ya maongezi."

Akatazama dirishani. "Baba yenu alikuwa ananyang'anya shuka. Si kidogo. Alikuwa anajiviringisha nalo lote, mimi nabaki wazi. Miaka yote niligombana naye. Nilimwambia, siku moja nitalala na shuka langu peke yangu nipumzike. Haya, ninalo. Lote. Na kila asubuhi naamka niko ukutani, nimejibana kama vile kuna mtu ananisukuma, na shuka upande wa pili halijakunjika hata kidogo. Sasa wewe unanipigia kelele kutoka juu ya paa. Nikaona utaliandika watu wacheke."

Nikakaa. Machozi yakanitoka, nikainua mkono kuyafuta.

"Usijifute na tope hilo," akasema. "Utaingiza uchafu machoni."

Tulikaa hivyo kwa muda, yeye akinipangusa kwa ncha ya kanga yake, mimi nikijitahidi kupumua. Katikati ya hayo yote, naliandika hili kwa aibu, kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kutafuta sentensi ya kwanza. Mwandishi ni mtu mbaya. Niliona ni afadhali niulize kuliko kuiba.

"Mama, niandike hilo?"

"Hilo gani?"

"Ulilosema sasa hivi."

Akafikiri sana. Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakiangalia, akakitupa.

"Bosi wako atalitaka? Halina godoro ndani."

"Sijui. Anaweza kunifukuza."

"Andika," akasema. "Ila uandike na kwamba alikuwa anakoroma, watu wasije wakadhani niliolewa na malaika. Na uandikie hapahapa."

Nikanawa mikono, nikaandikia hapohapo, kwenye meza ya jikoni, mimi ambaye sijawahi kuandika neno mtu akiwa nyumba ya pili. Aliniahidi kunyamaza kabisa. Ahadi hiyo ilidumu hadi mwisho wa aya ya kwanza.

"Umeweka miguu?" akauliza. "Miguu yake ilikuwa ya baridi, na lazima aiweke kwangu."

Nikaweka miguu.

"Nisomee. Hapana, hakusema hivyo. Alisema, 'Wewe mwanamke una joto la kutosha, shuka la nini?'"

Nikarekebisha. Nilikuwa nacheka, kisha sielewi tena kama nacheka. Mume wangu aliporudi jioni alisimama mlangoni akatutazama, vichwa vyetu viwili mbele ya kioo kimoja, akauliza kwa sauti ndogo kama mifereji iliisha. Tuliinua macho pamoja. Hakungoja jibu, alipanda ngazi mwenyewe na suruali yake nzuri.

Ijumaa asubuhi niliituma makala. Bosi hakujibu. Ikafika saa ya chai, hakujibu. Nilisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi na nikajiona nimekwisha: duka la magodoro limelipia makala kuhusu mzee aliyekufa. Mama mkwe alivuta kiti karibu na changu, basi.

Simu ilipoita niliidondosha, nikaiokota.

"Makala hii," bosi akasema, "haina neno godoro hata mahali pamoja."

"Najua, bosi."

"Nimeisoma. Nimemsomea na mke wangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua, na mafua hana. "Nimeibandika kwenye mlango wa duka. Watu wanasimama pale mpaka wanaziba njia. Mkwe wangu nimemwambia aendelee na picha zake. Kazi ni yako."

Nilimshika mama mkwe mkono kwa nguvu, naye akaelewa.

"Kitu kimoja," bosi akaendelea, na safari hii upole wake ulikuwa upole wa kweli. "Nina godoro dogo, la mtu mmoja, zuri sana. Ningependa kumletea mama, zawadi. Asiwe anapotea kwenye hilo kubwa."

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamweleza neno kwa neno. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mshukuru sana," akasema. "Mwambie asihangaike. Upande ule una mwenyewe."